Nafasi Thelathini kwa Shangazi

Ofisini, 6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha ya kaki mkononi mwa Dereva wa ofisi yetu utasema, "Huyu mtoto akiandika ana shida." Safari hii hujakosea. Nina shida, ila ni shida ya heshima.

Tangu mwezi uliopita mimi ndiye afisa wa malezi ya awali wa halmashauri. Nina meza yangu, kiti kinachozunguka, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mzazi anayetoka kwenda kazini ana mahali pa kumwacha mtoto wake. Hilo halitokani na huruma yetu, sheria ndiyo inayosema: halmashauri ihesabu nafasi, na zisipotosha iongeze. Mkuu wa Idara amenipa wiki tatu nimletee jibu kuhusu mtaa wenu. Nafasi zikipungua, lile ghala la zamani nyuma ya zahanati litageuzwa kituo cha watoto sitini. Zikitosha, watu wa manunuzi wanalitaka waweke viti vyao vilivyovunjika miguu.

Aliyenitangulia alikuwa akituma fomu ya kurasa nne. Mlikuwa mnaifanyia nini, kufungia mikate? Haikurudi hata moja. Mimi nimefyeka yote nimebakiza swali moja tu: *Kituo chako kina nafasi ngapi?* Mkuu alipoiona alicheka akasema hata kasuku angeweza kuijibu. Hakujua kwamba nyumbani ndilo jina langu.

Basi Shangazi, andika namba, weka sahihi, mpe Dereva Alhamisi ijayo. Usinipigie simu. Mara ya mwisho ulinipigia nikasikia vilio vya watoto na makofi yako ya kuwabembeleza tu.

Mwanao,
Kasuku


Nyumbani, 13 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Kiti kinazunguka! Angalia usije ukapata kizunguzungu ukatusahau.

Fomu yako nimeijaza asubuhi hii hii, kabla hata ya kuwavalisha wale wa zamu ya kwanza. Nimeandika thelathini. Nimeandika kwa wino mzito ili usije ukadai nimepunguza. Mwalimu Mstaafu alipita kuniuliza nimeandika ngapi, yeye kaandika arobaini, na jinsi anavyojivuna na zile arobaini ungedhani ni watoto wake wa kuzaa.

Ungekuja ungecheka. Lile kabati la nguo za marehemu mume wangu nimelitoa uani, mahali pake nimetandika mikeka mitatu. Misumari ya mikoba nimeiongeza ukutani mpaka karibu na dirisha, na kila msumari una alama yake, kikombe, ndege, kofia, maana hawa hawajui kusoma. Mchana wanalala kichwa huku miguu kule, kama vijiko kwenye droo. Wawili nawalaza kitandani kwangu. Mmoja kati yao ana tabia ya kunipiga teke la mbavu nikijaribu kujinyoosha kidogo, na msaidizi wangu anasema nastahili kwa sababu namdekeza.

Nimefurahi mwanangu. Sijui kama nimewahi kukuambia, lakini baba yako aliponiachia wewe ukiwa na miaka mitatu, nilikuwa nafanya kazi ya kukunja mashuka hotelini. Nilikuwa nakuficha chumba cha mashuka, nakuambia ukisikia viatu unyamaze. Na ulikuwa unanyamaza. Siku moja nilikukuta umejikojolea kwa kuogopa kuniita. Ndiyo maana nilipoacha ile kazi nikafungua mlango huu. Sasa wewe ndiye wa kuwafungulia wengine. Nakuombea.

Usikonde.

Shangazi yako


Ofisini, 6 Machi

Shangazi,

Naandika mbio mbio, Dereva ameshawasha gari.

Ripoti imepita! Mkuu ameisifu mbele ya kikao kizima. Vituo kumi na kimoja vya mtaa wenu vyote vimejibu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jumla ni nafasi mia mbili sitini na nane. Sikutegemea! Nilidhani tutapata ishirini, thelathini kwa mtaa mzima, kumbe kwako peke yako thelathini. Asante sana kwa thelathini zako, umeniokoa.

Kwa hiyo ghala halihitajiki tena. Na nimepata wazo ambalo Mkuu amelipenda: kila mzazi aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri atapelekewa barua ya halmashauri ikimwelekeza kituo chenye nafasi. Wewe uko wa kwanza kwenye orodha. Jiandae kupokea wageni.

Nitakuja Pasaka, au baada yake. Kazi imenibana.

Kasuku


Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Nimekaa kitako nikuandikie, maana haya si ya kupiga kelele kwenye simu.

Jumatatu walikuja kina mama saba. Jumanne kumi na mmoja. Kila mmoja ana barua yenye mhuri wenu: "Kituo cha Shangazi kina nafasi thelathini. Fika na mtoto wako." Nikawaambia jamani, thelathini ni hawa mnaowaona, wako ndani, tazameni. Wakatazama. Mmoja akasema, "Halmashauri inasema zipo, wewe unasema hazipo. Unamwekea nani?" Nikacheka, nikadhani ni utani. Hakuwa anatania.

Kuna mama mmoja, sisi tunamwita Mama Pacha. Anafanya kazi ya kufua hospitalini. Alikuwa anawaacha wale pacha kwa mama yake mzazi, bibi akaanguka akavunjika nyonga. Alikuja na barua yake ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, na pacha wamevaa viatu vipya. Nilimwambia sina pa kuwaweka. Akauliza kwa upole, "Niseme nini ili unipokee?" Mwanangu, mimi ndiye niliyeona aibu, wala sikujua ya nini.

Sasa mtaani wanasema Shangazi ana mkono mrefu, anauza nafasi za serikali. Jana nimepita dukani nikasalimia, wakaitikia wawili kati ya watano. Miaka ishirini na tatu nimeishi hapa, sijawahi kuhesabu wanaoniitikia.

Hizo nafasi thelathini ni zipi? Nijibu upesi nijue la kuwaambia watu.

Shangazi yako


*Haikutumwa*

Ofisini, 24 Machi

Shangazi,

Nimezitoa fomu zote kumi na moja kwenye faili nikazitandaza mezani. Nimeshasoma barua yako ya Machi na ile ya Februari. Ile ya Februari niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye ngazi, niliruka mpaka kwenye namba. Leo nimeisoma yote. Vijiko kwenye droo. Uliniambia, Shangazi. Uliniambia wazi kabisa.

Kosa liko hivi. Idadi ya watoto walioandikishwa ninayo tayari kwenye daftari la mwaka jana. Nilichotaka kujua ni nafasi zilizobaki. Kichwani mwangu nilikuwa nauliza: *Kituo chako kina nafasi ngapi zilizo wazi?* Kwenye karatasi hayo maneno mawili hayapo. Nilikuwa najivunia ufupi. Nyinyi mkajibu mlichoulizwa, kituo kinachukua watoto wangapi, na mkajibu kweli, wote. Mimi nikachukua watoto mia mbili sitini na nane waliojaa nikawaandika kuwa ni nafasi tupu, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu namba ilikuwa nzuri na kila mtu aliitaka.

Viti vibovu vimeshaanza kuingizwa ghalani. Nimeviona kwenye lori.

Nikimwambia Mkuu, atauliza nani aliandika swali. Nina miezi miwili kwenye kiti hiki. Nasikia joto mpaka masikioni.

Shangazi, nisamehe, kosa ni


Ofisini, 26 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole sana kwa usumbufu, nimesikitika mno kusikia watu wanavyokuvunjia heshima.

Nimefuatilia. Inaonekana kulitokea kutoelewana kidogo wakati wa kujaza fomu. Swali lilihusu nafasi zilizo wazi, yaani ambazo hazina mtoto. Wewe ukaandika idadi ya watoto ulionao. Ni jambo la kawaida, fomu za ofisi zina lugha yake, na usijilaumu. Nadhani ulikuwa na haraka na watoto wamekuzonga.

Kwa sasa waambie wazazi wasubiri, halmashauri inashughulikia. Na tafadhali tusilikuze jambo hili, maana ripoti imeshapita na kuigusa sasa ni kuleta matatizo kwa watu wengi.

Nimekutumia kopo la maziwa ya unga kwa Dereva.

Mwanao,
Kasuku


Nyumbani, 3 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Maziwa nimepokea, wamekunywa wote.

Niliposoma barua yako nilikaa kwenye kigoda mpaka msaidizi akaja kuniuliza kama naumwa. Kwa hiyo ni mimi. Nimekutia aibu kazini kwako, tena kazi mpya, tena umeshasifiwa na wakubwa. Nilijua tu kwamba darasa la saba langu litaniumbua siku moja. Ningemwomba Mwalimu aniangalizie kabla sijatia sahihi, lakini kiburi, mwanangu, nilitaka nikujibu mwenyewe. Nisamehe.

Fomu siikumbuki vizuri, niliijaza huku mtoto akinivuta khanga. Kama iliuliza zilizo wazi nilipaswa kuandika sifuri. Sifuri! Neno dogo kuliko yote na lingenitosha.

Nimekwenda kwa Mama Pacha kumwomba radhi. Kumbe kibarua chake kimeota nyasi. Baada ya mimi kumkatalia alikwenda na pacha hospitalini, akawaweka ndani ya kapu kubwa la mashuka machafu, akawaambia wasitoe sauti. Mmoja akapiga chafya. Msimamizi akafunua kapu. Aliponisimulia hayo sikuweza kumtazama, maana nilikuwa najua kapu lile lina harufu gani. Nikamwambia, "Ni mimi, mwanangu. Halmashauri waliniuliza sawasawa, mimi nikajibu ovyo." Alinifungulia mlango nitoke, kwa adabu tu.

Tarehe 12 kuna mkutano wa mtaa. Nitasimama niseme mbele ya wote kwamba kosa ni langu, ili wasije wakaitukana ofisi yako. Hilo ndilo ninaloweza kukulipa. Usijali, hutatajwa.

Wewe kula vizuri.

Shangazi yako


HALMASHAURI, IDARA YA USTAWI WA JAMII
9 Aprili

Kwa: Msimamizi wa Kituo cha Kulea Watoto Mchana

YAH: KUTOA TAARIFA ZISIZO SAHIHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Idara imepokea malalamiko kutoka kwa wazazi kumi na wanne kuhusu kituo chako kukataa watoto ilhali taarifa uliyoiwasilisha tarehe 13 Februari inaonesha nafasi thelathini.

Unatakiwa kutoa maelezo ya maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu kupokea barua hii kwa nini hatua za kusimamisha cheti chako cha usajili zisichukuliwe.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Afisa wa Malezi ya Awali
kwa niaba ya Mkuu wa Idara

*(Kikaratasi kilichobanwa kwa pini)*

Shangazi, usishtuke. Ni utaratibu tu. Mkuu aliletewa malalamiko akataka barua itoke leo leo, na barua zote za aina hii nasaini mimi. Jibu kwa ufupi kwamba hukuelewa swali, nitaiweka kwenye faili yaishe. Nakuahidi cheti hakitaguswa. K.


Nyumbani, 17 Aprili

Mwanangu,

Barua ya mhuri nilipokea Alhamisi ile, mkutano ukawa Jumamosi. Sahihi yako imekuwa nzuri siku hizi. Zamani herufi ya mwanzo ulikuwa unaiangusha.

Nikueleze ya mkutano, maana najua hutayapata kwa mwingine.

Watu walijaa mpaka nje. Nilivaa lile gauni la kijani. Nilipoinuka kulikuwa na miguno, na nyuma mtu akasema kwa sauti, "Leo bei ni ngapi?" Nikaendelea kusimama. Nikasema: "Jamani, mimi ndiye niliyewaponza. Fomu iliuliza nafasi zilizo wazi. Mimi kwa ujinga wangu nikaandika watoto nilionao. Halmashauri haina kosa, afisa hana kosa. Nawaomba radhi, na wewe Mama Pacha nakuomba radhi ya peke yako." Nikashika kiti cha mbele.

Basi Mwalimu Mstaafu akainuka. "Subiri kidogo, bibie. Iliuliza nini?" Nikarudia. Akatia mkono kwenye koti. Unamjua Mwalimu, hatupi karatasi, alikuwa ametoa nakala ya fomu yake kabla ya kuirudisha. Akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti ya darasani: "Kituo chako kina nafasi ngapi. Mwisho. Hakuna wazi, hakuna iliyofungwa." Mwenye kituo cha kona akasema hata yeye aliandika watoto alionao. Na mwingine. Na mwingine. Kumi na mmoja, Kasuku, wote tumeandika kitu kimoja. Kumbe wote walikuwa wanakimbizana na kina mama wenye barua, kila mmoja kwake, kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Watu wakaanza kucheka. Walikuwa wanaicheka halmashauri, mimi walinipigia makofi. Mama Pacha hakucheka. Alikuja akakaa karibu yangu, akanisogezea mtoto mmoja nimpakate.

Halafu Mwalimu akaniuliza, "Lakini wewe nani alikuambia ulikosea?"

Nikasema nilijiambia mwenyewe. Nikasema uzee. Wakacheka tena, safari hii ndiyo wakanicheka mimi.

Mwalimu amenipa ile nakala. Iko hapa mezani, nimeweka kikombe juu isipeperuke. Nimeisoma mara nne. Labda ni macho yangu. Wewe umesoma, nisomee.

Maelezo mliyoyataka kwa maandishi sijui niandike nini. Siku zimebaki saba.

Shangazi yako


TANGAZO KWA WAZAZI NA WASIMAMIZI WA VITUO VYOTE VYA MTAA
23 Aprili

Mimi niliyesaini hapa chini ndiye niliyeandaa fomu ya kuhesabu nafasi za malezi ya watoto.

Swali nililoliandika halikutaja nafasi zilizo wazi. Wasimamizi wote kumi na mmoja walilijibu kwa usahihi kama lilivyoandikwa. Mimi ndiye niliyezisoma namba hizo vibaya na kuiambia halmashauri kwamba mtaa una nafasi 268 zilizo wazi. Nimerudi nikahesabu upya kwa kupita kituo kwa kituo na kumtuma msaidizi wangu kwa vituo vitatu vilivyobaki. Nafasi zilizo wazi katika mtaa mzima ni nne.

Hakuna msimamizi aliyeficha wala kuuza nafasi. Barua ya tarehe 9 Aprili kwa Kituo cha Shangazi imefutwa. Suala la ghala limerudishwa kwenye kikao. Nawaomba radhi wazazi waliohangaishwa na barua zangu, hasa waliopoteza kazi.

Afisa wa Malezi ya Awali


Nyumbani, 1 Mei

Kasuku,

Tangazo lako limebandikwa ubao wa ofisi ya mtaa. Nilikwenda mwenyewe kulisoma, nikakuta watu watano mbele yangu, mmoja anawasomea wengine. Dukani sasa wananiitikia wote, hata wale ambao sikuwasalimia. Mafundi wamekuja kupima madirisha ya ghala, na viti vibovu viko nje vinanyeshewa. Mama Pacha amewekwa namba moja na namba mbili kwenye orodha. Kazi hajarudishiwa.

Dereva ameniambia umepewa barua ya onyo na kiti kimehamishiwa kwa mwingine, umerudishwa kule masijala. Imeniuma. Ulisema kweli mbele ya watu, na najua haikuwa rahisi. Nimesikia pia kwamba ulikuja mtaani kuhesabu, ukapita vituo vinane kwa miguu yako. Mwalimu anasema ulikunywa maji kwake. Kwangu ulimtuma msaidizi wako. Nilikuwa mlangoni, nikaona gari la ofisi limesimama kule kwenye kona kwa muda mrefu, kuna mtu ameinamisha kichwa kiti cha nyuma. Sikukuita. Nilidhani nikikuita utajificha zaidi.

Sasa sikiliza. Umewaandikia wazazi. Umewaandikia wasimamizi kumi na mmoja na mimi nimo kati yao. Umeandika kwamba swali lilikuwa bovu na hilo ni kweli, kila mtu huandika kitu kibovu siku moja. Lakini kuna jambo moja ubao wa mtaa haulijui. Mwezi mzima niliamka nikijiona mjinga. Niliacha kumsomea yeyote chochote. Watoto walikuwa wananiletea vitabu vyao vya picha, nawaambia mpelekeeni msaidizi, mimi nitawakosesha. Nilisimama mbele ya mtaa nikajitukana kwa maneno uliyonipa wewe.

Hilo sitaki uwaandikie watu. Nimelificha na nitaendelea kulificha, hata Mwalimu akinikaba. Niandikie mimi. Usiniletee maziwa wala kuniambia fomu za ofisi zina lugha yake. Wewe niandikie tu.

Mlango uko wazi, lakini barua itangulie.

Shangazi yako


Masijala, 3 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Ulilielewa swali. Nimekusomea kama ulivyoniomba: *Kituo chako kina nafasi ngapi?* Ulijibu sawasawa.

Siku mbili kabla ya kukuandikia kwamba umekosea, nilikuwa nimeshajua kosa ni langu. Fomu zote kumi na moja zilikuwa mezani kwangu siku hiyo, na zote zilikuwa na jibu la aina moja. Ningeweza kumwandikia yeyote kati yao uongo ule. Mwalimu angenibishia. Mwenye kituo cha kona angetaka kuiona fomu.

Nilikuandikia wewe kwa sababu nilijua utaniamini.

Kasuku